Kesi ya Nusu Methali

Zamani hizi, wala si za kale, ilikuwako nchi moja mbali sana na kwetu. Nasema mbali ili niendelee kulala nyumbani kwangu. Ilikuwa na bendera, wimbo, masoko, na Wizara ya Biashara, Vipimo na Kauli Njema, na wananchi wake walikuwa na furaha kwa mujibu wa sheria.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na desturi waliyoirithi kwa bibi zao: hawakumaliza methali. Aliyelelewa vizuri alisema nusu ya kwanza akanyamaza, na msikilizaji akaimalizia mwenyewe tumboni. Mtoto akikorofisha aliambiwa "Asiyefunzwa na mamaye", basi, na mtoto alijua nani atamfunza. Anayeimaliza kwa sauti alionekana hana adabu, kama anayeramba sahani ugenini. Wazee walisema ndiyo maana hotuba za serikali zilikuwa ndefu mno, maana serikali haikulelewa na bibi.

Mbaruku, fundi viatu wa soko la Magunia, alilelewa hivyo, na mkewe Somoe zaidi yake. Somoe aliuza maharage. Kibanda chake kilipakana na kibao cha mumewe, kiasi kwamba Mbaruku akigonga msumari, maharage yalicheza kwenye ungo. Walikuwa na binti wawili na nyumba iliyovuja chumba kimoja tu. Mbaruku alikuwa mtu mpole, mwoga kidogo. Alimpenda mkewe kuliko alivyowahi kumwambia, na kila asubuhi alimbebea gunia hadi sokoni ingawa mgongo wake ulikwisha kumkanya.

Mwaka huo Wizara ilileta Mizani ya Uzalendo. Ilikuwa mizani nzuri, imepakwa rangi za bendera, na ilikuwa na sifa moja: ukiweka robo tatu ya kilo, mshale ulisimama kwenye kilo nzima. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Ngwanda, alilieleza jambo hilo redioni mpaka betri za watu zikaisha.

"Kilo ya wakoloni ilikuwa gramu elfu moja," alisema. "Kilo yetu sisi, kilo huru, ni gramu mia saba na hamsini. Zilizobaki zimo moyoni mwa mwananchi. Anayezitafuta kwenye sahani ya mizani, huyo hana nchi moyoni."

Kila mfanyabiashara alitakiwa kuinunua mizani hiyo, kwa hiari, kabla ya mwezi kwisha.

Wateja waliona wanauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limepunguzwa. Wauzaji walioinunua waliificha chini ya meza na kupimia ile ya zamani. Wizara ilipoona hivyo, Mheshimiwa akaamua kuitembeza mwenyewe. Alikuja sokoni na matarumbeta, gari la vipaza sauti, na vijana waliovaa fulana zenye picha ya mizani kifuani na picha yake mgongoni. Alipita kibanda hadi kibanda, mizani kichwani, akicheza. "Biashara ni matangazo," aliwaambia. Alikuja wiki hii, akaja wiki iliyofuata, kisha akaja tena na tarumbeta zaidi.

Safari hiyo Somoe alikuwa anampimia mteja. Mheshimiwa alisimama mbele ya kibanda chake, jasho likimtiririka, akaigeuza mizani huku na huku ipate jua, akaenda zake mbele. Somoe alimsindikiza kwa macho. Akaongeza konzi moja ya maharage kwenye mfuko wa mteja, nyongeza ya mkono kama walivyozoea, akasema taratibu:

"Chema chajiuza."

Basi, hakusema zaidi. Mteja alikohoa. Muuza vitunguu wa jirani aliinama kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. Mbaruku alicheka kwa pua, msumari mdomoni, akaona fahari kuwa na mke wa namna ile.

*

Sasa nieleze habari ya Jumamosi. Katika nchi hiyo kila nyumba ilipeleka neno moja kwa wiki kwenye Banda la Kuambizana. Neno lolote lililosikika lilifaa, liwe la jirani, la shemeji au la mlevi. Serikali haikumlazimisha mtu. Nyumba isiyoleta neno ilitembelewa tu na maofisa, ikaulizwa kwa upole kwa nini watu wake hawazungumzi, na wakati wa kuulizwa magodoro yao yalipasuliwa. Aliyeleta neno alipimiwa sukari. Madukani sukari haikuwepo, kwa sababu yote ilikuwa bandani.

Mpimaji alikuwa karani Shomvi, mtu wa heshima zake, aliyesikiliza akiwa amefumba macho. Neno dogo lilipata kijiko, neno la maana nusu kilo. Alikuwa muungwana, alikuuliza hali ya watoto kabla hajakuuliza jirani yako amesema nini.

Mbaruku hakuwa mchongezi kwa tabia. Alitafuta maneno yasiyo na mfupa. Aliwahi kupeleka kwamba Mzee Kibwana wa mtaa wa pili amesema mvua itanyesha, akidhani hilo halina ubaya. Mzee Kibwana aliitwa akaulizwa amejuaje kabla ya Idara ya Hali ya Hewa, na aliporudi hakuitikia tena hata salamu. Jambo hilo lilimuuma Mbaruku. Alianza kupita njia ya mbali ili asikutane na mzee yule, na akaapa kuwa tangu siku hiyo atapeleka sifa tu.

Tatizo la sifa ni kwamba kila mtu alikuwa anazipeleka, na Shomvi alikwisha kuzisikia zote. Jumamosi hiyo Mbaruku alisimama foleni na kichwa kitupu. Zamu yake ilipofika bado hakuwa na kitu. Ndipo yakamjia maneno ya mkewe.

Mtasema alikuwa mjinga, maana ni yeye huyo huyo aliyecheka kwa pua. Lakini hofu ina akili yake. Mbele ya Shomvi aliiona nusu ya kwanza peke yake, na nusu ya kwanza peke yake ni sifa. Kitu kizuri hujiuza. Mizani ya Mheshimiwa ni nzuri. Basi itajiuza. Aliigeuza haraka haraka akilini, hakuona shimo.

"Mke wangu alimwona Mheshimiwa na mizani yake sokoni," alisema, "akasema, 'Chema chajiuza.'"

Shomvi akafumbua macho. Naye alilelewa na bibi. Koo lake lilipanda likashuka, na Mbaruku akaiona nusu ya pili ikimteremka tumboni.

"Amesema hivyo tu?"

"Hivyo tu, bwana."

"Halafu akanyamaza?"

"Akanyamaza."

Shomvi akachota sukari, akapima kilo mbili. Alipima kwa Mizani ya Uzalendo, bila shaka, lakini hata hivyo ulikuwa mzigo. Mbaruku alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Somoe alikuwa uani, anachambua vijiwe kwenye maharage. Aliutazama ule mfuko.

"Baba Hidaya, kwa sukari yote hii umempeleka nani?"

"Sijampeleka mtu. Nimepeleka sifa."

"Sifa za nani zinazofika kilo mbili?"

Akamwambia. Mikono ya Somoe ilisimama kwenye ungo.

"Uliwapa nusu," alisema.

"Nusu nzuri, mama Hidaya. Ile nzuri."

"Ungewapa yote ningejua pa kujitetea. Nusu humaliziwa na anayeisikia, na wale wa kule wanalipwa kusikia."

Mbaruku aliubeba ule mfuko akarudi nao bandani mbio, akamwomba Shomvi apokee sukari yake ampe neno lake. Shomvi alimsikitikia kweli. Akamweleza kuwa bidhaa ikishapimwa hairudishwi, na kwamba neno lile halikuwa tena pale. Lilikwisha kupanda gari kwenda mjini.

*

Walimchukua Somoe kibandani, mchana kweupe, pamoja na ungo wake na konzi moja ya maharage iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni kama kielelezo. Mbaruku alisimama na kiatu cha mtu mkononi. Alitaka kusema kitu, lakini ofisa mmoja akampa mkono wa shukrani mbele ya soko zima, na kuanzia hapo hakuna mtu aliyemletea kiatu kushona.

Kesi ilijaza ukumbi. Mheshimiwa Dokta Ngwanda alikaa mbele, na matarumbeta yake yakasubiri nje. Mbaruku alikaa nyuma, peke yake kwenye benchi la watu sita.

"Mheshimiwa Hakimu," alianza mwendesha mashtaka, "mshtakiwa, kwa makusudi na hadharani, alitoa nusu ya kwanza ya methali, akijua fika kuwa nusu ya pili imehifadhiwa na wananchi vinywani mwao, tayari kwa matumizi. Kwa hiyo alisema bila kusema. Hili ni baya kuliko kusema, kwa kuwa linasumbua upelelezi."

"Nusu ya pili isomwe," akasema Hakimu.

Mwendesha mashtaka akavua miwani, akaivaa tena. Sheria ya Kauli Njema ilimkataza mtu yeyote kutamka neno la kumshushia Waziri hadhi, mahali popote, sokoni, chooni, hata mahakamani. Haikumsamehe yeyote, kwa sababu siku Bunge lilipoipitisha lilikuwa linawahi chakula.

"Siwezi kuisoma, Mheshimiwa. Nitakuwa nimetenda kosa."

"Karani aisome."

Karani wa mahakama alipatwa na kikohozi ambacho nasikia hakijapona hadi leo. Wakaitwa mashahidi. Mwalimu aliyezeeka akifundisha Kiswahili aliapa kuwa methali zote zinazoanza kwa "ch" zilimtoka kichwani alipougua malaria. Yule mteja wa maharage, bibi wa watu, aliulizwa kama anaijua methali ile.

"Naijua nusu tu, baba," alijibu. "Wazazi wangu walikuwa maskini."

Mheshimiwa mwenyewe alipanda kizimbani kutoa ushahidi. Alisema hakuisikia nusu ya pili kwa masikio, lakini aliihisi mgongoni, na mgongo wake ni mali ya taifa. Hakimu alimshukuru na kuuliza kama mgongo ule unaweza kurudia maneno uliyoyahisi. Mheshimiwa akasema hauwezi.

Mwisho akaulizwa Somoe.

"Mshtakiwa, ulipoishia pale, ulikuwa unataka kuendelea na nini?"

"Nilikuwa naendelea kupima maharage."

Ukumbi ulicheka, Hakimu akaamuru kicheko hicho kisihesabiwe. Lakini Mbaruku alikisikia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sokoni moyo wake ulikaa sawa. Aliwatazama watu wote wale, kila mmoja ameibana nusu ya pili kwa meno, hakuna anayeitoa. Alidhani watu wakinyamaza vya kutosha, mkewe atarudi nyumbani.

Hakimu akanong'ona kidogo na mtu aliyetoka upande wa Mheshimiwa, kisha akatoa uamuzi.

"Mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa nusu kosa. Vilevile haiwezi kumwachia mtu mwenye nusu kosa. Kwa hiyo mshtakiwa atahifadhiwa mpaka nusu ya pili ipatikane, hata ikichukua umri wake wote. Na ninaonya: atakayeitamka, huyo ndiye mkosaji, na sheria haitamtazama usoni."

*

Neno hilo la mwisho ndilo lililomwingia Mbaruku. Atakayeitamka ndiye mkosaji. Aliwafikiria binti zake, waliokuwa kwa jirani, na yule mdogo aliyeuliza kila jioni kama maharage bado hayajaisha huko mama alikokwenda. Alifikiri kwamba mtoto anaweza kukua bila baba fundi viatu, wako wengi waliokua hivyo. Alifikiri pia kwamba yeye ndiye aliyeitoa nusu ya kwanza sokoni ikiwa salama, basi haki ni yeye aibebe ya pili. Aliogopa. Lakini alisimama.

"Ninayo mimi," alisema.

Watu wakageuka. Somoe naye akageuka, na Mbaruku akamwona akitikisa kichwa, mara moja tu, kumkataza. Alidhani anamkataza asijitoe mhanga. Akapata nguvu zaidi.

"Chema chajiuza," alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia maishani mwake, "kibaya chajitembeza. Nimeitamka mimi, Mbaruku, kwa kinywa changu. Mke wangu hakuitamka. Nifungeni mimi."

Ukumbi wote ulishusha pumzi. Kwa kitambo kidogo ilikuwa raha, nadhani, kuisikia nzima. Hata Mheshimiwa alionekana kama mtu aliyekunwa mahali palipomwasha muda mrefu.

"Asante, shahidi," akasema Hakimu.

"Mimi si shahidi, Mheshimiwa. Mimi ndiye mkosaji."

Hakimu alimtazama kwa huruma ya mtu anayemfundisha mtoto.

"Ndugu Mbaruku, wewe ni mleta maneno wa serikali. Kila anayekula sukari ya bandani, kinywa chake ni kinywa cha serikali. Mtu akisema neno baya, ni kosa. Serikali ikisema neno baya, ni ushahidi."

Basi kosa likawa zima. Somoe alipewa miaka minne kwenye kiwanda cha Mizani ya Uzalendo, kitengo cha kubandika mishale. Hakimu alifafanua, ili pasiwe na malalamiko baadaye, kwamba mwaka wa kifungo haukuguswa na mageuzi ya vipimo. Ungebaki na siku zake zote. Mheshimiwa alimpongeza Mbaruku kwa hotuba fupi ya saa nzima, akamtaja kuwa mfano kwa waume wa taifa, na matarumbeta yakapigwa.

Walimpitisha Somoe kwenye ujia wa nje, askari wawili kila upande. Mbaruku alijipenyeza mpaka akamfikia. Kilemba chake kilikuwa kimelegea kwa nyuma, na alitamani kumfungia vizuri kama alivyokuwa akifanya anapombebea gunia, lakini hakuthubutu kunyoosha mkono.

"Mama Hidaya, nilitaka nikutoe. Wallahi nilitaka nifungwe mimi. Waliniambia atakayetamka ndiye mkosaji, na wewe ulisikia. Sikukuuza. Niamini."

Somoe alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Alimtazama kama anavyomtazama mteja anayedai kuwa jana alipunjwa, akipima kama ni kweli au si kweli, na asione.

"Labda," alisema. "Sijui tena, Mbaruku. Wewe maneno yako siku hizi sijui ni ya nani."

"Ni yangu. Haya ni yangu."

"Basi kayapeleke Jumamosi. Wiki hii nyumba yetu bado haijatoa." Akaanza kutembea, kisha akasimama. "Mdogo hali maharage yenye chumvi nyingi. Usisahau."

*

Jumamosi ilifika. Mbaruku alikaa nyumbani mpaka jua likapanda, akisema moyoni kuwa haendi. Lakini nyumba isiyoleta neno hutembelewa, na mle ndani mlikuwa na mabinti wawili waliolala juu ya godoro moja, na wakubwa wa mtaa wamekwisha kuuliza watoto hao sasa wanalelewa na nani. Akachukua kapu akaenda.

Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake alisimama Mzee Kibwana, yule wa mvua, asiyeitikia salamu. Waliokuwa nyuma walimpisha Mbaruku nafasi kubwa kuliko kawaida, naye akajua hawampishi kwa heshima. Mzee Kibwana alipofika mezani aliinama akanong'ona kitu kwenye sikio la Shomvi, akapimiwa kijiko, akaondoka bila kuinua macho.

"Karibu, ndugu yangu," akasema Shomvi. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Pole kwa yaliyokupata. Haya, umetuletea nini?"

Mbaruku alitafuta. Hakuwa amezungumza na mtu wiki nzima, wala hakuna aliyezungumza mbele yake. Sokoni watu walinyamaza akipita. Nyumbani mabinti walinong'onezana na kukatisha alipoingia, na watoto hao wawili, mmoja miaka tisa na mwingine mitano, walikwisha kujifunza. Kitu pekee alichokuwa nacho kilikuwa kimoja, na kikamtoka chenyewe.

"Mke wangu haniamini tena," alisema.

Shomvi hakugusa sukari. Alifumbua macho, akamtazama kwa upole uleule wa siku zote, akatikisa kichwa.

"Hilo tunalo, ndugu yangu," alisema. "Kila nyumba imekwisha kulileta. Huna jingine?"